Klasi Yangu ya Kwanza na Daftari la Hitima

Klasi yangu ya kwanza ya programu iliyofanya kazi ya maana niliiandikia ukumbini kwetu Bagamoyo, nimekaa chini kwenye mkeka, kompyuta nimeiweka juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Kompyuta ilikuwa ya mtumba. Betri yake ilikwishakufa kabla sijainunua, na ukiugusa waya kidogo tu inazimika na kazi yote inakwenda na maji. Kwa hiyo siku zile kila aliyepita ukumbini alipita kwa kunyata, akauruka waya, na bado nilimfokea. Baba alisema nyumba nzima imekuwa inatembea kama korongo kwa sababu ya mtu mmoja.

Siku hizi kazi hiyohiyo naifanyia Dar, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, skrini mbili mbele yangu na kiti kinachozunguka. Sijalalamika. Lakini ile raha ya kuandika mistari kumi, ukabonyeza, ukaona maandishi yanakutii, huku mama anakaanga vitunguu uani na cherehani ya baba inalia barazani, sijaipata tena. Nimeitafuta, haipo. Walioifanya iwe raha wametangulia mbele ya haki, baba kwanza, mama akafuata.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimerudi likizo, na likizo ikaangukia mwezi wa Shaabani. Kila Shaabani, kabla ya mfungo, nyumba yetu ilisoma hitima ya wazee. Wanaume walikaa ukumbini, wakagawana juzuu, ubani ukafukizwa, na Kurani ikikwisha maalimu alisoma majina ya marehemu wa nyumba, mmoja baada ya mwingine, ili dua imfikie kila mtu kwa jina lake. Kisha Fatiha, kisha pilau. Watoto tulihesabu siku za mwaka kwa pilau ile.

Majina yalikaa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, lililokuwa na umri kunizidi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: wakuu wa nyumba mbele, jamaa wengine katikati, na watoto kurasa za mwisho. Lakini karatasi zikichakaa, mtu alinakili majina ukurasa mpya bila kuufuta ule wa zamani, na mtu mwingine baada ya miaka akanakili tena. Mmoja aliandika "Mzee" mbele ya jina, mwingine "marehemu", mwingine hakuandika kitu. Matokeo yake kuna watu waliosomwa mara tatu, na ami mmoja wa babu alisomwa mara nne. Mwaka uliotangulia, maalimu alipofika kwake mara ya nne, sauti ilitoka nyuma ya ukumbi ikasema, "Huyu si keshapata zake?" Watu wakacheka hitimani, na baba aliona aibu mpaka masikio.

Ndiyo maana aliniita barazani. Baba alikuwa fundi wa kanzu, na alikuwa na tabia ya kumwelekezea mtu mkasi anapozungumza naye.

"Wewe si ndiye unayesomea mambo haya?" akasema. "Nisafishie daftari. Aliyeandikwa mara tatu asomwe mara moja. Lakini usiwachanganye. Waache walivyofuatana."

Nikasema sawa, nitakufanyia mpaka ushangae. Nilikuwa na kiburi wakati ule, na sikukificha.

Sasa lazima nieleze jambo la mama, kwa sababu katika daftari lile mama alikuwa na mstari wake mmoja.

Kabla yangu mimi, mama alizaa mtoto wa kiume, naye akafariki kwa homa akiwa na miaka sita. Sikumkuta. Alipewa jina la babu mzaa baba, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yetu: mjukuu anarithi jina la babu yake, kwa hiyo majina yalipokezana, fulani mwana wa fulani, kisha kinyume chake, kisha yaleyale tena. Na kwetu mwanamke hamtaji mkwewe kwa jina. Heshima haimruhusu. Basi mama alimbeba mtoto wake, akamnyonyesha, akamwogesha, akamzika, na hakuwahi hata siku moja kumwita kwa jina lake. Alimwita "Babu". Mtoto alipopotea mtaani, mama alisimama mlangoni akaita "Babu! We Babu!" na wazee waliopita njia wakageuka.

Jina lenyewe la mwanawe alilisikia mara moja kwa mwaka, kinywani mwa maalimu. Kutaja hakutaji, lakini kuandika hakuna aliyemkataza, na mstari ule, ukurasa wa mwisho, ulikuwa mwandiko wake. Kila mwaka maalimu akikaribia kurasa za mwisho, mama aliacha upawa, akajitanda kanga, akakaa kwenye mlango wa chumba cha ndani mpaka jina lisomwe. Hakuna aliyemsemesha wakati huo. Nililijua hilo tangu sijaota meno ya ukubwani.

Nililijua, na bado nikamkosea.

Kunakili daftari kulinichukua siku mbili, kidole kimoja kikifuata mstari na mkono mwingine ukichapa. Mstari wa mama niliuchapa mwenyewe, nikautambua mwandiko wake, herufi zilizolala upande kama zina usingizi. Nikaendelea. Kisha nikaingia kwenye kazi niliyokuwa naitamani, kuandika klasi.

Kwa asiyejua, klasi si kitu cha kutisha. Baba alikuwa na karatasi yake ya kipimo ya kanzu. Aliichora mara moja, na kwa karatasi ile akakata kanzu mia. Klasi ndiyo karatasi ile. Unaeleza mara moja kitu chako kinabeba nini na kinaweza kufanya nini, kisha unatengeneza vitu vya namna hiyo kadiri upendavyo. Yangu niliiita Maandishi. Ilibeba mistari, na ilijua kazi nne: kukata nafasi zilizozidi mwanzoni na mwishoni, kurekebisha herufi kubwa na ndogo, kuondoa vyeo kama Mzee na Bi na marehemu, na kuondoa marudio. Mhadhiri wetu alitaka majina ya kazi yawe ya Kiingereza. Mimi niliyaweka ya Kiswahili, kwa ukaidi tu, kwa sababu nyumbani kwetu hakukuwa na mhadhiri.

Ah, siku zile! Niliandika kazi ya kwanza, nikaijaribu, ikakubali, nikapiga kigelegele. Mama akatoka jikoni mbio akidhani kuna aliyeposwa. Nilipomwonyesha kwenye kioo jina lililokuwa limejaa nafasi sasa limenyooka, alitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha za harusi asiyoijua, akasema, "Mashallah. Sasa njoo ukune nazi, mbuzi umeiwekea kompyuta wewe."

Kazi ya kuondoa marudio ndiyo niliyoionea fahari zaidi. Katika Java, lugha ya kompyuta niliyoiandikia, maandishi mawili yanaweza kuwa na herufi zilezile na yakabaki kuwa vitu viwili, kila kimoja na mahali pake ndani ya mashine. Kuna namna ya kuiuliza mashine, "Hiki ndicho kilekile?" na kuna namna nyingine ya kuiuliza, "Hivi vimeandikwa sawasawa?" Kwenye jaribio la mwaka wa kwanza niliuliza swali la kwanza mahali pa swali la pili, nikakatwa alama mbele ya darasa zima, na mhadhiri akanifanya mfano. Nikaapa kutolikosea tena. Basi programu yangu ilipita mstari kwa mstari ikiuliza swali la pili: huu umeandikwa sawasawa na uliokwishapita? Jibu likiwa ndiyo, unarukwa.

Mistari mia mbili na ushei ikawa mia moja na hamsini. Ami wa babu alibaki mmoja. Nilikimbilia steshenari ya karibu na stendi nikiwa na flashi mkononi, nikachapisha karatasi nne safi, herufi kubwa kwa ajili ya macho ya maalimu. Sikuisoma orodha ile kutoka juu hadi chini. Kwa nini niisome? Mashine ilikwishaisoma.

Siku ya hitima nyumba ilijaa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuja kutoka Kaole kwa bajaji na ndoo ya vitumbua. Sisi wanawake tulikuwa ndani na uani. Maalimu alipoanza majina nilimwona mama ameacha kila kitu mapema kuliko kawaida, maana nilikuwa nimemwambia kwamba safari hii mambo yatakwenda haraka. Akajitanda kanga, akakaa mlangoni.

Jina la babu likasomwa, ukurasa wa kwanza. Mama akainamisha kichwa kama afanyavyo kwa mkwewe. Majina yakaendelea. Karatasi ya pili, ya tatu. Mimi nilikuwa nyuma ya mama nimesimama na simu, napima muda. Karatasi ya nne ikasomwa, maalimu akasema "Al-Fatiha", ukumbi mzima ukavuma.

Mama aligeuza uso. "Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, mama!" nikasema kwa furaha. "Dakika sita tu!"

Akatikisa kichwa kukubali. Akainuka, akaenda kupakua pilau. Sinia zilitoka kwa wakati, pilau ya moto, wageni wakasifu, baba akasifiwa, na baba akasema hadharani kwamba kazi ile ni ya binti yake. Nikavimba. Kumbukumbu hiyo ya kuvimba ndiyo inayoniumiza mpaka leo kuliko kosa lenyewe.

Wageni walipoondoka, shangazi alinishika mkono uani. Shangazi hakuwa na kona. Alisema kitu kama kilivyo.

"We mtoto. Mbona kaka yako hakusomwa?"

"Amesomwa, shangazi."

"Aliyesomwa ni baba yangu mimi. Nimehesabu. Kila mwaka jina lile huja mwanzoni na likaja mwishoni. Leo limekuja mwanzoni, likaishia hapo. Na mama yako amekaa pale mlangoni mpaka mwisho."

Nilikwenda ukumbini, nikawasha mashine. Sikuhitaji dakika tano. Babu na kaka yangu walikuwa na jina moja, na baba zao pia walikuwa na jina moja, kwa sababu ndivyo majina ya nyumba yetu yalivyopokezana. Ndani ya daftari, penye jina la babu, pengine palikuwa na "Mzee" na pengine hapakuwa nayo; nami nilikwishaondoa vyeo vyote. Mashine iliulizwa kama mistari ile imeandikwa sawasawa, ikajibu ukweli. Haikukosea hata kidogo. Mtu mzima aliyefariki kwa uzee na mtoto wa miaka sita, nimewaweka pamoja, nikamfuta mdogo. Na nilikuwa nimeuchapa mstari ule kwa vidole vyangu.

Nililia kwa hasira, najichukia. Kisha nikamfuata mama.

Alikuwa anasugua sufuria kubwa kwa majivu na makumbi ya nazi. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, ni mimi. Maalimu hana kosa. Mimi ndiye niliyemfuta."

Hakuacha kusugua. "Nilimsikia babu yako," akasema. "Nikasema moyoni, haya, mkubwa keshapita, mdogo yuko nyuma anakuja. Nikangoja. Nikasikia Al-Fatiha."

"Nisamehe, mama."

"Nishakusamehe. Wewe hukumjua." Akaigeuza sufuria. "Kwa hiyo hiyo mashine yako ilidhani ni mtu mmoja?"

"Haidhani, mama. Inatazama herufi tu."

"Mimi nimewauguza wote wawili. Mmoja nilimkorogea uji mwaka mzima mpaka akafa, mmoja nilimnyonyesha. Ungeniuliza."

Alikuwa na haki ya kusema mengi, na angesema mengi ingekuwa nafuu kwangu.

Jioni ile tulikaa barazani, baba, shangazi na mimi, mama amesimama mlangoni. Baba alikuwa amenywea. Alirudia mara mbili kwamba ni yeye aliyesema asomwe mara moja, na kwamba hata yeye hakungoja mstari ule, alikuwa anaangalia wageni. Kisha akatoa shauri: mbele ya jina la kaka yangu tuandike "mtoto".

"Mtoto?" mama akasema. "Angekuwa na ndevu sasa."

Mama hakuwa na desturi ya kumkata baba kauli.

Shangazi ndiye aliyetutoa. "Maiti akishalazwa kaburini," akasema, "kwenye talakini anayosomewa si anaitwa kwa jina la mama yake? Kwani baba zake hawajulikani? Wanajulikana. Lakini aliyekuzaa ni mmoja. Basi na daftari lifuate kaburi."

Usiku uleule nilijua klasi yangu ilikuwa na kosa gani. Nilikuwa nimeandika klasi ya maandishi, wakati kilichokuwa ndani ya daftari ni watu. Nikaandika nyingine, nikaiita Marehemu. Kila aliyemo alibeba jina lake, la baba yake na la mama yake, na wawili hawahesabiwi kuwa mmoja mpaka yote matatu yalingane.

Kuiandika ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kuijaza kulichukua siku nne, na siku nne zile ndizo ninazozitamani nikikumbuka nyumba yetu. Shangazi hakurudi Kaole. Alikaa na mimi mkekani, miguu ameinyoosha, anatafuna kashata, namsomea jina moja moja naye anamtafuta mama wa mtu kichwani mwake. "Huyo mama yake alikuwa mtu wa Saadani, mpole, alikuwa akikausha samaki wa ng'onda mpaka mikono inanuka hata akivaa hina." Huyu mama yake alikimbia kwao mara tatu, na mara tatu akarudishwa. Huyu mama yake simjui, andika hajulikani, usinisingizie. Nilisikia habari za wanawake ambao katika daftari lote lile hawakuwa na mahali. Baba aliacha cherehani, akaja kusikiliza, akajifanya anatafuta uzi.

Tulipomaliza, nikaipitisha orodha yote upya. Kumbe nilikuwa nimewafuta watatu. Mbali na kaka yangu kulikuwa na mabinti wawili wa nyakati mbalimbali, waliopewa majina ya bibi zao. Shangazi aliposikia akanipiga kofi la begani, la mapenzi lakini la nguvu, akasema, "Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Nilistahili.

Ulipofika mstari wa kaka yangu nilikwenda uani. "Mama, nataka kuandika jina lako."

Alicheka, mara ya kwanza tangu hitima. "Unaniingiza na wafu, nami bado napumua?"

"Wewe ni mama yake tu, huko. Husomwi wewe."

Akafikiri. Jina la mama lilikuwa limeacha kutumika. Mtaa mzima ulimwita kwa jina langu mimi, mama fulani. Baba naye vivyo hivyo. Na waliomwita kwa jina lake, wazazi wake na dada zake, walikuwa wamekwisha kufa. Mimi mwenyewe nililijua kwa kuliona kwenye kadi yake ya kupigia kura. Akanitajia herufi moja moja, kana kwamba naweza kulikosea, na baada ya niliyoyafanya alikuwa sahihi kunishuku.

Baba hakutaka kungoja mwaka mwingine. Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, alifunga baraza mapema. Hakukuwa na wageni wala pilau. Tulikuwa wanne tu na chetezo cha ubani. Baba alisema leo atasoma mwenyewe. Shangazi na mimi tulikaa ukumbini; mama akakaa chumba cha ndani, palepale pake penye mlango, amejitanda.

Baba hakuwa msomaji wa mbio. Alisoma majina yote, kila mtu na baba yake na mama yake, na waliokosa mama alisema "mama yake anajulikana kwa Mola wake", maneno ambayo mimi sikuyaandika. Ilipita nusu saa na zaidi. Kwenye karatasi ya mwisho akapunguza mwendo kabla hajaufikia mstari, na mimi nilijua ni mstari gani kwa sababu wote niliwajua sasa.

Akalitaja jina la kaka yangu. Akajitaja yeye, baba yake. Kisha akasema, "Mama yake," akalitamka jina la mama, lote, kama alivyolisikia siku ya kumwoa. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijamsikia akilitamka.

"Abee," mama akaitika kutoka ndani.

Aliitika kama mtu aliyeitwa. Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujificha. Baba aliiweka karatasi juu ya goti, akatazama mlango wa chumba. Kisha akaanza mstari ule upya, taratibu zaidi, ili mama alisikie jina la mwanawe vizuri.